Kabla ya Kuuliza Kama Nchi Ni Salama

Mwaka 2014, Ebola ilipozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone, watalii wengi walifuta safari zao za mbugani Kenya na Tanzania, ilhali Monrovia, mji mkuu wa Liberia, iko karibu zaidi na Madrid kuliko Nairobi. Walilihukumu bara zima kwa jina lake. Nasi tuendao ughaibuni hukosea vivyo hivyo, ila kwa upande wa pili: nchi ikisifika kwa maghorofa na barabara za lami, tunaihesabu salama. Kijitabu hiki kinashauri upime safari yako badala ya nchi: unaendea nini, utalala wapi, utapanda chombo gani na saa ngapi, na ni nani atakayeweza kukuzuia usiondoke.

Swali hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo lililowaponza vijana wa Afrika Mashariki walioahidiwa kazi nzuri Thailand. Ukiuliza kama Thailand ni salama utaambiwa ndiyo, na si uongo. Hupokea mamilioni ya watalii kila mwaka. Lakini wapo waliotua Bangkok wakasafirishwa hadi Mae Sot, wakavushwa Mto Moei na kuingizwa Myawaddy, nchini Myanmar, ndani ya maboma yenye walinzi wa silaha, pasipoti zimechukuliwa, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Takwimu za uhalifu wa Bangkok zisingewaonya. Ahadi yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa: mwajiri ambaye ofisi yake haijulikani, tiketi ya bure, viza ya utalii kwa mtu anayekwenda kuajiriwa.

Wapo watakaosema ajali haina kinga. Kwa kiasi fulani, kweli. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya vifo tisa kati ya kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayeogopa bomu kisha akapanda pikipiki usiku bila kofia ngumu amekosea hesabu, na kosa hilo lina dawa. Wengine hutegemea tahadhari za serikali, kama zile za Marekani zenye ngazi nne. Zisome, lakini usiishie kwenye ngazi. Tazama ni mkoa gani unaotajwa na kwa sababu ipi. Tena zimeandikwa kwa ajili ya raia wa Marekani, na mwenye pasipoti yetu hapokewi vile vile kila mahali.

Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya kutaka ubalozi wako uarifiwe. Nchi zetu hazina balozi kila mahali, na mara nyingi ubalozi mmoja huhudumia nchi kadhaa, hivyo ujue wako uko wapi kabla ya kuondoka. Namba yake iandike kwenye karatasi, maana simu huweza kuchukuliwa pamoja na pasipoti.