JINSI YA KUNUKUU VIDEO KWA TARAKILISHI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Masimulizi ya wazee wetu wa Usenge na Got Ramogi ni mali. Tukiyarekodi kwa simu tu, video hukaa humo hadi simu iharibike. Yafaa yaandikwe. Lakini kunukuu kwa mkono kunachosha: unasimamisha, unarudisha nyuma, unaandika, unasimamisha tena.

Je, tarakilishi yaweza kutusaidia? Ndiyo. Iko programu iitwayo Whisper, iliyotolewa bure na kampuni ya OpenAI ya Marekani mwaka wa 2022. Hutumia nyingine iitwayo FFmpeg, ambayo hutoa sauti ndani ya video. Ukishapakua zote na kuijaribu mara ya kwanza, huhitaji intaneti tena. Katika tarakilishi ya Linux, fuata hatua hizi:

1. Weka video zote katika folda moja.
2. Fungua dirisha la amri, uingie katika folda hiyo.
3. Andika: for v in *.mp4; do whisper "$v" --language sw; done
4. Bonyeza Enter, kisha ngoja. Tarakilishi dhaifu hukawia.

Maana yake ni hii: kwa kila video iliyomo, sikiliza na uandike, lugha ni Kiswahili (sw). Ziwe video mbili ama hamsini, amri ni hiyo moja. Mwishowe utapata faili za maandishi.

Sasa wenzangu, hapa ndipo penye kazi. Whisper ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini sauti za Kiswahili zilizo na maandishi yake hazikufika hata saa 10. Dholuo haimo kabisa. Mzee akichanganya lugha, kama tufanyavyo sote hapa Bondo, programu hubahatisha. Hata pakiwa kimya huweza kutunga maneno. Mzee akisema "hatukuuza shamba", nayo iandike "tukauza shamba", si umemgombanisha na ukoo mzima?

Kwa hivyo mashine iandike, sikio la mtu lihakikishe. Kaeni wawili wawili: mmoja asikilize, mwingine afuate maandishi. Majina na maneno ya kukanusha yasikilizwe mara mbili. Na video isifutwe.

ZOEZI: Kwa idhini yake, rekodi nyanya au babu yako kwa dakika tano. Nukuu kwa amri hiyo, sahihisha, kisha umsomee. Yeye ndiye mwalimu wa kusahihisha.