Mali Bila Daftari: Niliyojifunza Nikijenga Hifadhidata ya Kuihakiki Geant4

Geant4 ni programu inayoiga safari ya chembe ndani ya maada: protoni ikigonga chuma, nyutroni ikipenya zege. Toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 1998. Leo majaribio makubwa ya CERN huko Geneva, ATLAS na CMS yakiwemo, huitegemea kuelewa yanachokiona kwenye vyombo vyake, na wanaotibu saratani kwa protoni huitumia pia. Programu inayoaminiwa kiasi hicho lazima ihakikiwe kila inapoguswa, yaani matokeo yake yawekwe ubavuni mwa vipimo vya maabara. Kazi niliyoshiriki ilikuwa kukusanya vyote viwili kwenye hifadhidata moja ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa kivinjari, kama walivyofanya Fermilab, Marekani, katika mradi wa DoSSiER.

1. Namba peke yake si kipimo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali hiyo ni ya kweli kabisa. Chukua nukta moja ya jaribio la HARP, lililokusanya data CERN mwaka 2001 na 2002: ni pioni ngapi zilichomoka kwenye shabaha ilipopigwa na protoni. Shabaha ilikuwa ya beriliamu au ya risasi? Unene wake je? Protoni ziliingia na nishati gani, na pioni zilihesabiwa katika pembe zipi?

Halafu kuna kosa la kipimo, na hapo ndipo wengi hupita haraka. Sehemu inayotokana na uchache wa matukio huipata kila nukta kivyake. Sehemu inayotokana na chombo huweza kuzisukuma nukta zote upande mmoja kwa pamoja. Ukizichanganya kwenye safu moja ya jedwali, uigaji uliokaa juu kidogo ya data yote utahukumiwa kuwa mbovu, kumbe tofauti nzima huenda ilitokana na namna protoni zinazoingia zilivyohesabiwa. Tulitenga safu kwa kila jambo, na data iliyokuja na safu tupu haikuingia. Wapo waliolalamika kwamba tunachelewesha kazi. Bado naamini hakuna uamuzi uliotufaa kuliko huo.

2. Vipimo vingi vya zamani vimekwama ndani ya picha. Vilichapishwa kama grafu tu, bila jedwali. HEPData ya Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, imeokoa vingi. EXFOR, inayoratibiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, imefanya hivyo kwa migongano ya viini vya atomi. Vilivyobaki unavisoma mwenyewe kwenye skrini, nukta kwa nukta. Mhimili wa logi unaopanda mara milioni moja ndani ya pikseli 600 una maana kwamba kila pikseli ni zaidi ya asilimia 2 ya thamani. Mara nyingine mstari wa kosa umefunikwa kabisa na kiduara cha nukta. Kwa hiyo tuliongeza safu inayosema wazi: thamani hii imesomwa kwenye grafu, na kosa la kusoma ni hili.

3. Uigaji nao una nasaba yake. Kuandika "Geant4" hakutoshi. Mseto wa modeli unaoitwa FTFP_BERT hutumia modeli ya Bertini kwa nishati ndogo na ya Fritiof kwa nishati kubwa, na mbili hizo hupokezana kwenye GeV chache. Mpaka huo umewahi kusogezwa kati ya toleo na toleo, na ukisogezwa, umbo la mmiminiko wa chembe ndani ya kalorimita hubadilika. Andika toleo, mseto wa modeli na idadi ya matukio yaliyoigwa. Bila hayo, miaka miwili baadaye hakuna atakayeweza kurudia hesabu.

4. Kusoma hifadhidata kusihitaji nywila. Kuandika kuhitaji. Na kila grafu anayoiona mtu, mashine iweze kuichukua kama JSON.

5. Usimpe mtumiaji alama moja ya kufaulu. Tuliombwa hivyo mara nyingi: rangi ya kijani au nyekundu, basi. Lakini protoni yenye nishati ya MeV 150 husafiri takriban sentimita 16 ndani ya maji, na umwagaji wake wa nishati hufikia kilele mwishoni mwa njia. Anayepanga tiba hujali iwapo kilele hicho kimekaa mahali pake kwa milimita. Mtu wa CMS anajali pioni za makumi ya GeV ndani ya shaba. Toleo jipya laweza kumpendeza mmoja na kumuumiza mwingine siku hiyohiyo. Tukaweka grafu kando ya grafu, na kai-mraba (namba inayopima jinsi uigaji unavyolingana na data) chini ya kila moja, ili kila mtu aamue kwa kazi yake.

6. Usifute kitu. Watafiti husahihisha vipimo vyao baada ya kuchapisha, nayo ni haki yao. Thamani ya zamani ibaki, iandikwe kwamba imebadilishwa, lini na kwa ipi, maana kuna makala iliyochapishwa kwa kuitegemea, na msomaji wake atakuja kuitafuta.