HAKUNA HINA NYEUSI: SOMO LA HINA, NILI NA PIKO

Kuna swali ambalo limeulizwa katika mikutano ya chama chetu zaidi ya mara moja, na kila likiulizwa hujibiwa kwa kicheko tu: ile hina nyeusi inayouzwa madukani hutoka kwenye mti gani? Jibu lake ni fupi. Haitoki kwenye mti wowote. Mhina ni mti mmoja, Lawsonia inermis kwa jina la kitaalamu, na majani yake hutoa rangi ya wekundu: wekundu wa chungwa, wa udongo au wa kahawia, kutegemea ulivyoikoza na uliyemtia. Nyeusi hamna. Anayetaka weusi wa majani hana budi kutafuta jani la pili, yaani nili. Na anayekuuzia weusi wa nusu saa kwa jina la hina, huyo amekuuzia kitu cha tatu kabisa. Somo langu ni juu ya vitu hivyo vitatu. Nimeliandika kwa sababu wenzetu wengi, wasichana kwa wavulana, shule ikifungwa tu hukimbilia rangi za nywele, na wengine hupata zaidi ya rangi.

Tuanze na maneno yenyewe, maadamu hili ni jarida la Kiswahili. Hina tumeipata kutoka kwa Waarabu. Mti ni mhina, wingi mihina, na hukua vizuri katika nyua za nyumba za pwani na pia kandokando ya mito ya nchi kavu. Majani yakianikwa kivulini, yakatwangwa na kuchekechwa, ndiyo hina. Hina hutiwa. Bibi arusi hutiwa hina, mzee hutia ndevu zake hina, na rangi ikishika barabara husemwa imekoza. Hebu tembea Eastleigh au Garissa uone wazee wenye ndevu nyekundu kama machweo. Zile si ndevu za uzawa, ni mvi zilizotiwa hina.

Nili nayo ni msafiri. Imetoka katika Kisanskriti, nila, yaani buluu iliyoiva, ikapita kwa Waarabu hadi ikatufikia. Wanafunzi wa fizikia wanaijua: ni ile rangi ya upinde wa mvua inayokaa kati ya buluu na urujuani. Na kaniki, ile nguo nyeusi-buluu waliyojifunga bibi zetu wa karne ya 19, weusi wake ulikuwa wa nili. Lakini tahadhari! Ile buluu ya kufulia mashati meupe, ambayo wengine pia huiita nili, si nili ya nywele hata kidogo. Usije ukaisaga ukaipaka kichwani ukasema nilikutuma mimi.

Sasa tuingie katika sayansi kidogo, na wasiopenda kemia wavumilie. Unywele umeumbwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye kucha na tabaka la juu la ngozi. Ndani ya jani la mhina mna kitu kiitwacho lausoni. Lausoni ikikutana na keratini hushikana nayo, na haibanduki kwa sabuni. Ndiyo maana hina ya kucha haitoki mpaka kucha ikue ikatwe. Jambo la kukumbuka ni kwamba hina huongeza rangi, haiondoi. Haiwezi kuzifanya nywele nyeusi ziwe nyekundu, kwa kuwa weusi uliomo haugusi. Kwenye nywele zetu nyeusi utaona mng'ao mwekundu ukisimama juani, ukiingia kivulini umekwisha. Kwenye mvi ndiko hina hujionyesha: kwanza huwa rangi ya chungwa kali, hata mwenyewe akashtuka, kisha baada ya siku mbili tatu hutulia na kuwa kahawia nyekundu.

Nili ina tabia tofauti, na kusema kweli ndiyo inayonivutia zaidi. Jani la mnili, Indigofera tinctoria, halina rangi ya buluu ndani yake. Lina kitu kisicho na rangi, indikani. Ukilitia maji, kimeng'enya kilichomo jani hilohilo huivunja indikani, ikatoka glukosi na kitu kingine kiitwacho indoksili. Indoksili ikikutana na oksijeni ya hewani hugeuka kuwa buluu, na ikishageuka haiyeyuki tena katika maji. Maana yake nini kwa mtu aliyeshika bakuli? Maana yake ni kwamba nili lazima iingie ndani ya unywele kabla haijageuka, igeukie humo humo. Ukichelewa, buluu yote itabaki bakulini na kichwani utapata uji wa majani. Wengi waliojaribu nili wakasema haifai, nadhani walichelewa, au waliichanganya usiku wakaipaka asubuhi kama hina.

Nili hii ina historia ndefu yenye machungu. Wakulima wa Bengal walilazimishwa na mabwana wa mashamba wa Kiingereza kuilima badala ya mpunga, wakaasi mwaka wa 1859. Mwaka wa 1917 Gandhi alikwenda Champaran kuwatetea wakulima wa nili. Kumbe wakati huo mkemia Mjerumani, Adolf von Baeyer, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi ya kuitengeneza bila jani, na kiwanda cha BASF kilikuwa kikiiuza tangu 1897. Suruali za jinzi tunazovaa leo zimetiwa nili ya kiwanda. Ya jani imebakia kwa wafumaji wachache na kwa vichwa vya watu.

Haya, namna ya kutia. Nitaeleza ya wanaotaka weusi juu ya mvi, maana ndiyo kamili, kisha kila mtu atapunguza kulingana na haja yake. Hili ni jambo unaloweza kumfanyia nyanya yako likizoni, akakuombea dua.

Chukua unga wa hina, gramu 100 hivi kwa nywele fupi, 200 kwa zinazofika mabegani. Uchekeche kwanza, vijiti ni adui wa kichana. Tia kwenye bakuli la udongo au la plastiki, kamulia ndimu, ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama maziwa ya mtindi. Funika, lala. Ndimu huifanya lausoni itoke polepole bila kuharibika upesi. Asubuhi vaa glavu, au viganja vyako vitakutangaza hadi mwisho wa mwezi. Gawanya nywele mafungu, paka kuanzia shinani hadi ncha, funika kwa kofia ya nailoni ya kuogea (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017, kwa hivyo usinijie na habari ya mfuko wa sukari). Subiri saa mbili hadi nne, suuza kwa maji mengi.

Ndipo ije nili. Hapa usitie ndimu. Maji ya vuguvugu tu, na watu wengine huongeza chumvi kidogo. Koroga, subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Utaona uso wa uji unaanza kuingia buluu, na harufu yake ni kama ya njegere mbichi. Wakati ndio huo, paka mara moja bila kuweka mazungumzo. Saa moja au mbili zatosha. Suuza kwa maji matupu, usitie shampuu kwa siku mbili, kwa kuwa rangi ingali inaendelea kuiva. Nywele zikionekana na ukijani siku ya kwanza usipige mayowe, kesho zitakuwa nyeusi.

Mtu atauliza, kwa nini asitie nili peke yake? Kwa sababu nili pekee juu ya mvi hutoa ubuluu au ukijani uliofifia, tena huchujuka upesi. Wekundu wa hina chini na buluu ya nili juu ndivyo vinavyofanya weusi, na mwalimu wa sanaa atawaeleza hilo kwa rangi za maji. Anayetaka kahawia huchanganya vyote pamoja: hina iliyolala usiku, na nili iliyokorogwa wakati huo huo. Kadiri nili inavyozidi ndivyo kahawia inavyozidi giza.

Na sisi tusio na mvi tunatafuta nini basi? Tunatafuta afya ya nywele. Hina hushikana na kila unywele, ukajiona mnene kidogo, wenye kung'aa, na wengi husema hazikatiki ovyo. Wenye nywele za kipilipili huona zimelegea kidogo. Lakini tusitiane chumvi: hina haioteshi nywele, na wala hairefushi. Isitoshe hukausha, hasa ukizidisha ndimu, kwa hivyo baada yake paka mafuta ya nazi. Na mwenye kubadilisha nywele kwa dawa za saluni asome pakiti vizuri, kwani hina za pakiti nyingine zimetiwa chumvi za madini, na zikikutana na dawa ya kung'arisha nywele huzalisha joto na kuziharibu nywele kabisa.

Sasa nafika kwenye lile la tatu. Piko ni neno la pwani. Ukilisikia Mombasa, Lamu au Unguja, watu wanazungumzia ule uji mweusi wa kuchorea maua ya arusi. Mara nyingi ni unga wa kemikali wa kutia nywele weusi, wenye parafenilinidaiamini, ambayo madaktari huifupisha PPD. Ni jamaa ya anilini. La kuchekesha ni kwamba jina anilini limetokana na neno lilelile la Kiarabu la nili. Ukoo mmoja wa jina, lakini tabia mbali kabisa!

Binamu yangu alichorwa piko mkononi kwa arusi ya dada yake, katika saluni moja ya mtaani ambayo sitaitaja. Aliambiwa ni hina nyeusi. Siku ya nne ngozi ilifura malengelenge yakifuata maua yaleyale, jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo. Yakapona, yakaacha alama. Sote tukadhani yamekwisha. Baada ya miaka miwili alitia nywele rangi nyeusi ya dukani, na kesho yake uso ulikuwa umevimba, macho hayafunguki, tukamkimbiza hospitali. Daktari alitueleza kwamba ule mkono ndio ulioufundisha mwili wake kuichukia PPD. Mzio huo ukishaingia hautoki. Ataukuta tena katika rangi nyingine za nywele, rangi za baadhi ya nguo, na hata dawa fulani za ganzi.

Sisemi kwamba PPD imekatazwa duniani. Imo katika rangi nyingi za nywele za viwandani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuipaka ngozini hairuhusiwi. Unga wa kupimiwa kwa kijiko kichochoroni una kikomo gani? Na ukiingia kinywani ni balaa jingine: huvimbisha koo na kuangusha figo. Hospitali za Sudan zimepokea wagonjwa wa namna hiyo tangu miaka ya 1980. Basi kama uko nyumbani kwenu, usiwekwe rafu moja na vyakula wala mahali mtoto anapofika.

Utaitambuaje? Unga wa hina na wa nili vyote ni vya kijani-kijani na hunuka majani. Unga mweusi si jani. Hina huanza na rangi ya chungwa na kukoza kwa siku mbili. Kitakachokuwa cheusi tititi kabla chai haijapoa si hina. Ukiwa na shaka, usipake. Na hata ile unayoiamini, ijaribu kwanza nyuma ya sikio ungojee saa 48, kisha jaribu kwenye kishungi cha nywele zilizobaki kichanani.

Hata hina safi ina wasiyofaa kutiwa. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana katika nchi za malaria. Hina ikipenya ngozi ya mtoto mchanga mwenye hali hiyo huweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu, akawa manjano, akazidiwa. Kwa hivyo kile kidole cha kichanga anachotiwa hina ili apendeze, tumwombe shangazi akiache.

Chama kitafanya onyesho mwishoni mwa muhula, kwenye maabara ya kemia. Tutaleta hina, nili, ndimu na vipande vya sufu nyeupe, kwa kuwa sufu nayo ni keratini na hushika rangi kama nywele. Mtaona kwa macho yenu buluu ikizaliwa hewani. Vichwa vyenu acheni nyumbani, maana kanuni za shule hazijabadilika: nywele za rangi haziruhusiwi langoni. Na hina, kama nilivyosema, haitoki kwa sabuni. Anayetia Desemba mwishoni akidhani itakuwa imechujuka shule ikifunguliwa, afadhali aanze kutafuta wembe mapema.