Betri ya Simu ya Upepo Haitunzwi kwa Kuachwa

Tufikirie kijiji kimoja cha bondeni, kando ya Mto Rufiji. Ni usiku, mwezi wa Aprili. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Maji yameshaingia mashambani, sasa yanasogelea nyumba. Umeme hakuna. Simu za kawaida hazishiki mtandao.

Mwenyekiti anamwambia mtunza stoo, "Mama, lete ile simu ya upepo tuombe mitumbwi."

Simu inaletwa. Ni safi, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Mwenyekiti anaiwasha. Kimya. Anajaribu tena. Kimya.

"Kwani nani aliitumia?"

"Hakuna, Mwenyekiti. Tangu mwaka jana hatukuigusa hata siku moja. Tuliitunza!"

Hapo ndipo kosa lilipo. Jembe ukiliweka pakavu, utalikuta lilivyo. Betri sivyo.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini mafuriko si ya mfano. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba za watu wengi katika Wilaya za Rufiji na Kibiti. Siku kama hizo, simu moja inayosema inaweza kuokoa watu.

KWA NINI BETRI HUISHIWA IKIWA IMELALA?

Betri ya kuchaji ni kama mtungi unaovuja. Hata usipochota, maji hupungua kidogo kidogo. Betri nayo hupoteza chaji hata kama simu imezimwa. Ikiachwa tupu kwa miezi mingi, huharibika ndani. Ukija kuichomeka kwenye chaja, haipokei tena.

Adui wa pili ni joto. Betri iliyojaa kabisa, ikikaa muda mrefu kwenye joto, huzeeka upesi. Kwa hiyo usiiweke dirishani, karibu na jiko, wala juu chini ya bati.

SOMA MAANDISHI YA BETRI

Kusoma tumejifunza, basi tukutumie. Tazama ubavuni mwa betri.

Ukiona Li-ion, hiyo ndiyo betri ya simu nyingi za siku hizi. Fuata somo hili.

Ukiona Ni-MH, chaji yake inaweza kupungua upesi zaidi. Ichaji kila mwezi.

Betri kubwa ya maji ya asidi, kama ya gari, ina sheria yake: ihifadhiwe ikiwa imejaa wakati wote. Usiiache tupu.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kuanzia Oktoba mpaka masika yaishe, betri ya Li-ion iwe imejaa. Hiyo ni miezi ya hatari.

2. Juni mpaka Septemba, iache na chaji ya nusu. Kama simu huonyesha vijiti vinne, viwe viwili. Nusu haiizeeshi betri upesi, na bado inatosha kuita msaada.

3. Zima simu kabisa. Kama betri inatoka, itoe, ifute kwa kitambaa kikavu, uiweke pamoja na simu. Isigusane na sarafu, misumari wala funguo, maana chuma kinaweza kuunganisha ncha zake ikashika moto.

4. Weka mahali pakavu penye ubaridi, ambapo watu wa kamati wanapajua. Ufunguo usiwe kwa mtu mmoja tu.

5. Kila tarehe mosi, iwashe. Ongea na kijiji jirani. Taa kuwaka hakutoshi. Lazima sauti ifike na majibu yarudi.

6. Tumia chaja yake yenyewe. Betri ikilowa, usiichaji.

7. Betri iliyovimba isitumike tena. Usiitoboe, usiitupe motoni wala chooni. Itenge mbali na vitu vinavyoungua, kisha mwulize fundi au ofisi ya kata ipelekwe wapi.

DAFTARI LA BETRI

Chukua daftari, piga mistari, andika hivi:

Tarehe: 1 Machi. Vijiti kabla ya kuchaji: 2. Baada ya kuchaji: 4. Tuliongea na: kijiji jirani, walisikia. Sahihi ya mtunzaji.

Ukiona mwezi huu imeshuka kijiti kimoja, mwezi ujao vitatu, jua betri imechoka. Mwambie Mwenyekiti mapema, inunuliwe nyingine kabla ya mvua. Mtunza stoo wetu alikuwa mwaminifu; alichokosa ni daftari na mtu wa kumwelekeza.

MASWALI

1. Kwa nini simu ya kijiji kile haikuwaka, ingawa hakuna aliyeitumia?
2. Betri ya Li-ion iwe na chaji kiasi gani mwezi wa Julai? Na mwezi wa Machi?
3. Je, kijijini kwenu nani anatunza simu ya upepo, na aliijaribu lini? Kamwulizeni leo, muandike jibu lake.