SOMO KWA JUMUIYA ZA WANANCHI: KUMTAFUTA MFADHILI KATIKA KANZIDATA ZA MTANDAONI

Wananchi wenye jumuiya zisizo za kiserikali, pamoja na watumishi wa Serikali wanaozishauri jumuiya hizo wilayani na katika shehia, wanaarifiwa kuwa somo la safari hii linahusu matumizi ya kanzidata za ruzuku. Kanzidata ni daftari la kumbukumbu lililowekwa katika mtandao wa intaneti, ambalo mtu huweza kulipekua kwa neno, kwa nchi au kwa kiwango cha fedha.

Sababu ya somo hili ni kuwa zipo jumuiya ambazo wanachama wake huchangishana, wakamlipa mtu awaletee "orodha ya wafadhili", kisha barua moja ikanakiliwa na kupelekwa kwa taasisi hamsini au mia. Majibu hayaji. Fedha iliyopotea hapo ni ya wanachama, na aghalabu ni ya mwani, ya karafuu au ya ukili. Ilhali sehemu kubwa ya habari zinazouzwa kwa namna hiyo imo wazi kwa kila mtu.

Daftari lililo mashuhuri zaidi asili yake ni Marekani. Taasisi ya Foundation Center iliundwa New York mwaka 1956, na mwaka 1960 ikachapisha kitabu chake cha kwanza cha wakfu za nchi hiyo. Baadaye kitabu kikahamia mtandaoni, na mwaka 2019 taasisi hiyo ikaungana na GuideStar zikawa taasisi moja, Candid. Neno wakfu halihitaji kufasiriwa hapa kwetu: mali huzuiwa, na pato lake likatumika katika kheri. Tofauti ni kuwa sheria ya kodi ya Marekani, tangu mageuzi ya mwaka 1969, huulazimisha wakfu binafsi utoe kiasi maalumu kila mwaka, ambacho kwa sasa ni takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake. Aidha, wakfu huo hulazimika kuwasilisha kwa idara ya kodi fomu iitwayo 990-PF, na fomu hiyo si siri. Ndani yake hutajwa kila aliyepewa ruzuku, kiasi alichopewa na madhumuni yake.

Hapo ndipo penye faida kubwa ya kanzidata. Maelezo ambayo mfadhili huyaandika juu ya nafsi yake huwa mapana na matamu. Karibu kila mmoja hupenda maendeleo, wanawake na mazingira. Fomu huonyesha alichokitenda. Mfadhili anayesema anaisaidia Afrika, lakini kwa miaka mitatu mfululizo fedha zake zote zimekwenda kwa vyuo vikuu vya mji mmoja wa Marekani, huyo hafai kuandikiwa hata kama maneno yake yanapendeza.

Tuchukulie mfano wa kikundi cha kina mama wanaolima mwani, tuseme Paje au Bwejuu, ambao mwani wao wa aina ya cottonii unakufa kwa joto la maji, na sasa wanataka mashua na mafunzo ya kulima katika kina kirefu. Wakiandika neno "mwani" katika kanzidata hawatapata kitu, kwani kumbukumbu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Na hata wakiandika tafsiri yake watapata machache, kwa kuwa mfadhili huenda aliusajili mradi kama huo chini ya ufugaji wa viumbe vya baharini, kipato cha wanawake, au kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kwa hivyo ni vyema kikundi kwanza kiandike katika karatasi majina matano au sita yanayoweza kuitwa kazi yake, ndipo kikae mbele ya kompyuta.

Jambo la pili ni mahali. Kanzidata nyingi hutenganisha mahali alipo mpokeaji na mahali inapofanyika kazi. Ruzuku iliyotumika Zanzibar huenda imeandikwa kwa jina la shirika lililoko London au Washington, na atakayetafuta wapokeaji walioko Tanzania pekee hataiona. Zitafutwe njia zote mbili. Ndugu zetu wa Pemba wawe na hadhari zaidi: uko mji wa Pemba nchini Msumbiji, na miradi ya huko hujitokeza kwa wingi mtu akiandika jina hilo peke yake.

Kutumia huduma kamili ya Candid hulipiwa. Hata hivyo, fomu zenyewe husomwa bure katika ukurasa wa Nonprofit Explorer wa shirika la habari la ProPublica. Kwa upande wa Uingereza, kanzidata ya GrantNav ni ya bure, na rejesta ya tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales huonyesha hata nchi ambazo kila shirika linafanya kazi. Ieleweke tu kuwa kumbukumbu hizi huchelewa: fomu ya mwaka uliokwisha huweza kuwasilishwa karibu mwaka mmoja baadaye.

Kabla ya kuandika barua, itazamwe sehemu moja ndogo ya fomu ya 990-PF ambayo wengi huipita. Hapo wakfu hutia alama iwapo hutoa kwa wale uliowachagua wenyewe tu, wala haupokei maombi. Penye alama hiyo, msipoteze stempu. Pia wakfu nyingi ndogo za Marekani haziipelekei fedha moja kwa moja jumuiya ya nje, kwa sababu sheria huzitaka ama zithibitishe kuwa jumuiya hiyo ni sawa na ya hisani ya kwao, ama zifuatilie matumizi kwa taarifa maalumu. Ndiyo maana aliyekwisha kutoa Tanzania, Kenya au Komoro ni bora kuliko tajiri asiyewahi kutoka kwao. Mkibakiwa na majina manne au matano baada ya mchujo, hayo yanatosha.

Hati ya usajili, katiba, hesabu zilizokaguliwa na akaunti ya benki kwa jina la jumuiya viwe tayari mapema. Hivyo huulizwa takriban kila mahali. Na yeyote atakayedai ada ili "aifungue" ruzuku iliyokwisha kukubaliwa ni tapeli, hata barua yake ikiwa na muhuri.

Mwisho ni tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hivyo 04/05 kwao ni tarehe 5 Aprili, wala si 4 Mei. Saa nazo ni za kwao: usiku wa manane wa New York ni saa mbili asubuhi hapa Visiwani, na saa moja asubuhi katika miezi ambayo wao huzisogeza mbele saa zao.