Nyumba ya Wanyama na Nyota

Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, kuna nyumba kubwa sana ambayo si nyumba ya kukaa, wala si soko. Ni nyumba ya makumbusho. Ilianzishwa mwaka 1869, na tangu siku zile watu wamekusanya humo mawe, mifupa, ndege, wadudu, samaki na wanyama wa pori wa nchi nyingi. Watu huja kutazama tu. Watoto wa shule nao huja makundi kwa makundi, mwalimu akiwa mbele, na kelele zao hujaa mlangoni.

Lakini wakiingia katika chumba cha wanyama wa Afrika, kelele zinapungua. Chumba kina giza kidogo. Katikati wamesimama tembo wanane, kundi zima, kama wanaotaka kuondoka sasa hivi. Pembeni kuna madirisha makubwa ya kioo, na nyuma ya kila kioo kuna pori lake: huku simba, huku okapi wa msitu wa Ituri. Mtoto mdogo humwuliza mwalimu, "Mwalimu, je, wako hai?" Hapana, hawapumui. Lakini swali hilo si la kijinga, maana wamefanyizwa kwa akili nyingi.

Zamani mafundi walishona ngozi ya mnyama na kuijaza majani makavu, kama mtu anayejaza godoro. Simba alikuwa na tumbo la gunia na miguu ya magogo. Mtu mmoja, Carl Akeley, hakupenda kazi mbaya kama hiyo. Yeye alimpima mnyama vizuri, kisha akafinyanga mwili wake wote kwa udongo, kila msuli na kila mkunjo mahali pake. Juu ya udongo alipaka plasta ili apate kalibu. Ndani ya kalibu alifanya mwili mwingine, mwepesi na wenye uwazi ndani, na mwili huo akauvika ngozi yenyewe. Majani ya miti yalitengenezwa kwa mikono. Ukuta wa nyuma umepinda kama chungu, hauna pembe, na juu yake mchoraji amepaka milima na mawingu. Basi jicho halijui udongo unaishia wapi na picha inaanzia wapi.

Kuna dirisha moja ambalo mtoto wa Kivu angelitambua mara moja. Ndani yake gorila dume amesimama wima, anajipiga kifua, na jamaa yake wamekaa karibu naye katika majani mabichi. Nyuma yao inaonekana milima ya Virunga, na mbali kuna milima ya moto inayotoa moshi. Picha hiyo haikutungwa katika chumba cha New York. Mwaka 1926 mchoraji William Leigh alipanda mpaka Kivu pamoja na Akeley, akaitazama milima yenyewe na kuichora.

Gorila hao waliuawa mwaka 1921. Akeley alikuja Kivu na bunduki kwa sababu makumbusho yalitaka gorila. Alimpata mmoja, akamwangusha, akamtazama uso. Baadaye aliandika katika kitabu chake kwamba ilimpasa kujikaza sana asijione kuwa mwuaji wa mtu. Wawindaji wengi huona uso kama ule, kisha wanasahau na kurudi kesho. Yeye hakusahau. Alikwenda kwa wakubwa, akawaomba wawalinde gorila wasiishe. Mwaka 1925 Albert wa Kwanza, Mfalme wa Wabelgiji, alitoa amri, na milima ile ikawa mahali palipokatazwa kuwinda. Hiyo ilikuwa mbuga ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika yote. Leo inaitwa Virunga.

Akeley alirudi mwaka 1926. Safari hiyo alishikwa na ugonjwa njiani, akafa mlimani mwezi wa 11, akazikwa pale pale Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Chumba cha New York kilifunguliwa mwaka 1936, nacho kikapewa jina lake. Yeye hakukiona.

Baada ya wanyama, wageni huenda upande mwingine wa makumbusho. Hapo kuna nyumba ya kioo, na ndani yake mpira mkubwa mweupe, upana wake meta 26 na zaidi. Karibu na mpira huo limewekwa jiwe la chuma la tani 15 lililoanguka kutoka mbinguni. Watoto wanaruhusiwa kuligusa, na wote wanataka kutia mkono katika mashimo yake. Jiwe hilo lilitoka Oregon, upande wa magharibi wa nchi ile. Wenyeji wa kule waliliheshimu tangu zamani za mababu. Mwaka 2000 walipatana na makumbusho, na wajukuu wao huja kila mwaka kulifanyia ibada ya desturi yao. Mwenye kitu akikumbukwa, ni haki.

Ndani ya mpira, juu, kuna planetariamu, yaani chumba cha kuonyesha nyota. Watu hukaa katika viti vinavyolala kidogo, wakitazama dari lililo duara kama kibuyu kilichokatwa na kufunikwa juu yao. Taa zinazimwa polepole. Halafu nyota zinatokea, nyingi kuliko vile watoto wa mji walivyozoea, na mara nyingi mtu husikika akisema, "Aa!" Mashine ya namna hii ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1923. Ndani yake mna taa kali, na mwanga hutoka katika matundu madogo sana. Kila tundu ni nyota moja. Mashine ikizunguka, usiku mzima unapita kwa dakika chache. Inaweza pia kuonyesha anga ya nchi nyingine, na hapo ndipo watoto wa New York wanauona Msalaba wa Kusini.

Kwao hawauoni kamwe. Dunia ni mviringo. New York iko mbali upande wa kaskazini, na nyota zile hubaki daima chini ya upeo wa macho. Tena taa za mji wao zinang'aa usiku kucha, hata nyota nyingi zilizo juu ya vichwa vyao zinafichwa. Ndiyo sababu wanalipa tikiti, wanakaa gizani, na kutazama nyota za mashine.

Kivu iko karibu na mstari wa ikweta. Usiku wa mwezi wa tano, kama mawingu hayapo, mtoto akisimama uani na kutazama kusini, anauona Msalaba. Akigeuka kaskazini, anaona nyota saba zilizopangwa kama upawa, zile ambazo watoto wa New York huzijua vizuri. Pande zote mbili, usiku mmoja, bila tikiti. Na mlimani gorila wanalala katika vitanda vyao vya majani. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba gorila wa milimani, pamoja na wale wa Rwanda na Uganda, ni zaidi ya 1,000. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekufa katika kazi ya kuilinda mbuga hiyo.

Maulizo

1. Kwa nini Akeley alifinyanga mnyama kwa udongo kwanza?
2. Mwaka 1921 Akeley alifanya nini Kivu? Na kisha aliomba nini?
3. Kwa nini watoto wa New York hawauoni Msalaba wa Kusini kwao?
4. Leo usiku tazama kusini, kisha kaskazini. Chora nyota ulizoziona, ulete picha kesho.