Fedha za Kuhifadhi Mazingira na Viumbe Walio Hatarini: Zinatoka Wapi, Zinafika Wapi, na kwa Nini Zisikatike

Somo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba

Katika somo letu hili tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo hutajwa kila mwaka pale makadirio ya mapato na matumizi yanaposomwa katika Baraza la Wawakilishi, lakini ambalo wengi wetu hulipita bila ya kulitazama kwa makini. Jambo lenyewe ni fedha za umma zinazotumika kurejesha misitu, mikoko na matumbawe yaliyoharibika, na kuwalinda wanyama waliobaki wachache. Mtumishi anayeandika kifungu cha bajeti, sheha anayepokea wageni wa mradi, na mkulima ambaye shamba lake linapakana na msitu, kila mmoja wao anahusika. Ni vyema basi tufahamu fedha hizo hutoka wapi, hufanya kazi gani, na hutokea nini zinapokatika.

1. Tunachokihifadhi

Visiwa vyetu ni vidogo, lakini vimejaaliwa viumbe wasiopatikana pengine. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani, asili yake ni Unguja peke yake. Wachache walipelekwa katika Msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa hapo kabla. Hata hivyo wangali wamo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini, kwani hawana kwao kwengine. Msitu ukitoweka Unguja, kima punju ametoweka duniani.

Paa nunga naye hupatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Huyu huwindwa kwa mbwa na kwa nyavu, na kila kichaka cha maweni kinapofyekwa maficho yake hupungua.

Popo wa Pemba, yule mkubwa alaye matunda, hapatikani popote isipokuwa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kumalizika kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa miti mikubwa anayolalia. Leo habari zake ni njema, na tutazieleza hapo mbele.

Pamoja na wanyama hao ipo mikoko, ambayo huvunja nguvu za mawimbi na kuwapa samaki mahali pa kukulia. Maji ya chumvi kuingia katika mabonde ya mpunga ni jambo linaloshuhudiwa Pemba, na watu wa Kisiwa Panza wanalifahamu vyema. Kwa hivyo mtu asidhani kwamba fedha za mazingira ni fedha za kuwafurahisha wageni. Ni fedha za chakula na makaazi yetu wenyewe.

2. Mikondo mitatu ya fedha

Fedha za hifadhi hutoka katika mikondo mitatu, na kila mmoja una faida yake na maradhi yake.

Mkondo wa kwanza ni bajeti ya Serikali. Huu hulipa mishahara ya walinzi wa misitu, mafuta ya vyombo vya doria na kazi za vitalu vya miche. Faida yake ni kwamba unakuja kila mwaka. Maradhi yake ni kwamba mapato yanapopungua, vifungu vya mazingira aghalabu ndivyo vya mwanzo kupunguzwa. Hospitali ikikosa dawa wananchi hulalamika siku ile ile. Msitu ukikosa mlinzi, hasara yake huonekana baada ya miaka mitano.

Mkondo wa pili ni ada za wageni. Mfano wake mkubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Kisiwa cha Chumbe nacho, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994 na kukabidhiwa kampuni binafsi kukiendesha, hujiendesha kwa kutegemea mapato ya wageni. Faida ya mkondo huu ni kwamba mnyama anachangia ulinzi wake mwenyewe. Maradhi yake tuliyaona mwaka 2020, ulipoenea ugonjwa wa korona. Idadi ya watalii waliofika Zanzibar ilishuka kufikia kiasi cha nusu ya wale wa mwaka 2019. Wageni walipungua, lakini kima hawakupungua kula, wala majangili hawakuenda likizo.

Mkondo wa tatu ni misaada ya washirika wa maendeleo. Mkondo huu umefanya mengi, na ni wajibu kukiri hivyo. Maradhi yake ni tarehe ya mwisho. Mradi huanza kwa sherehe na huisha kwa ripoti, ilhali msitu hauna tarehe ya mwisho.

3. Jozani: fedha zinapomfikia anayebeba hasara

Mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ulianza mwaka 1995 kwa ushirikiano wa Serikali na shirika la CARE, kwa msaada wa Austria. Mwaka 2004 eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Zanzibar.

Jambo la kujifunza hapo ni namna fedha zilivyogawiwa. Kima punju hakai ndani ya mpaka uliochorwa kwenye ramani. Hutoka msituni akaingia katika mashamba ya watu, akala majani ya miti ya matunda, vidaka na vitale vya minazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu minazi ya jirani na Jozani haukuthibitisha kwamba kima hupunguza mavuno ya nazi kama ilivyodhaniwa. Lakini mkulima anayeviona vidaka vimetapakaa chini ya mnazi wake hawezi kutulizwa kwa maneno ya kitabuni tu. Yeye anaona kwamba taifa linasifiwa kwa mnyama ambaye analishwa na shamba lake.

Kwa kuzingatia hali hiyo, ulianzishwa utaratibu wa kutenga sehemu ya ada za wageni kwa ajili ya wenye mashamba yaliyo jirani na kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Huko Pete, njia ya mbao iliyojengwa ndani ya mikoko huwaingizia wanakijiji mapato kwa kuwatembeza wageni. Hapakukosekana malalamiko kuhusu kiasi cha fedha na kuhusu kuchelewa kwake, na malalamiko hayo yana haki ya kusikilizwa. Lakini msingi wenyewe ni sahihi: anayebeba hasara ndiye anayestahiki kufikiwa mwanzo na faida.

Msingi huo umo pia katika Sheria ya Misitu Nam. 10 ya 1996, ambayo inaruhusu jamii kukabidhiwa usimamizi wa misitu yao kwa makubaliano maalumu na Serikali.

4. Matuta ya barabarani: fedha ndogo, manufaa makubwa

Watumishi wengi hudhani kwamba hifadhi ni kazi ya wizara moja. Barabara inayopita Jozani inatufundisha vyengine. Katika miaka ya 1990, magari yaliyokwenda kasi katika sehemu hiyo yalikuwa yakiua, kwa makadirio ya watafiti, kima mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa mnyama azaaye mtoto mmoja tu kwa kila uzazi, hiyo ni hasara isiyofidika kwa urahisi.

Mwaka 1997 yalijengwa matuta manne katika barabara hiyo. Makadirio ya baadaye yalionesha kwamba vifo vimeshuka hadi kiasi cha kima mmoja kwa wiki sita. Havikwisha, lakini vilipungua sana, na kilichotumika ni kifusi, lami na ridhaa ya wahusika wa barabara.

Funzo kwa mtumishi wa umma ni hili: kabla ya kuomba fungu jipya, na atazame mafungu yaliyopo. Barabara, kilimo, uvuvi, elimu na serikali za mitaa, zote zina kazi ambazo zikipangwa vyema hulinda mazingira bila ya gharama kubwa ya ziada.

5. Popo na kunguru: mifano miwili inayopingana

Sasa na tuwalinganishe ndege na mnyama, mmoja tuliyetaka apungue na mwengine tuliyetaka aongezeke.

Kunguru weusi wenye asili ya India waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka za mji. Wakazaana, wakawa wanakula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili, na vifaranga vya kuku majumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliendeshwa kampeni ya kuwapunguza kwa msaada wa kutoka nje, na idadi yao ikashuka sana. Kisha msaada ukamalizika na kazi ikasimama. Kunguru waliobaki wakaendelea kutaga, na baada ya miaka kadhaa mji ukajaa tena. Fedha zote zilizotangulia zikawa kama maji yaliyomwagwa mchangani.

Popo wa Pemba alipata bahati nyengine. Kuanzia miaka ya 1990 wananchi walielimishwa na zikaundwa jumuiya za vijijini za kulinda miti wanayolalia popo, kama ile ya Kidike. Baadhi ya makundi yalikuwa yakilala katika miti ya makaburini, ambako watu tangu hapo walikuwa hawapendi kukata miti. Msaada wa fedha ulikuwepo, lakini kazi yenyewe waliishika wenyeji, nao wakaendelea nayo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 popo hao walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000.

Kunguru alirudi kwa sababu kazi ilitegemea mradi. Popo alinusurika kwa sababu kazi ilikuwa na wenyewe.

6. Tuhesabu miche iliyosimama

Katika kurejesha mikoko liko kosa ambalo hufanyika katika nchi nyingi, nasi hatukusalimika nalo. Ripoti huandikwa siku ya kupanda: imepandwa miche kadhaa, watu wamepigwa picha, fedha zimekwisha. Baada ya mwaka mmoja hapana anayekwenda kutazama.

Kila aina ya mkoko ina mahali pake. Mchu hustahamili pahala palipo juu na penye chumvi nyingi. Mkoko wenye mizizi ya magongo hutaka matope yanayofikiwa na maji mara kwa mara. Mche ukipandwa kwenye mchanga mtupu au katika malisho ya nyasi za baharini hung'olewa na mawimbi, na nyasi zenyewe, ambazo ni makaazi ya samaki, huharibiwa. Pengine panapohitajika ni kuzuia ukataji na kuuacha mkondo wa maji upite, na mikoko ikaota yenyewe.

Kwa hivyo fungu la kurejesha mikoko lisiwe la siku moja. Ligawiwe baina ya kupanda, kulinda na kukagua kwa miaka isiyopungua mitatu, na mafanikio yapimwe kwa miche iliyosimama, siyo kwa miche iliyonunuliwa. Wahenga walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Daftari la mikoko ni hesabu ya mwaka wa pili na wa tatu.

7. Mfuko wa kudumu

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa maana ya wakfu. Mtu huweka nyumba au shamba la minazi, asili ya mali haiuzwi wala hailiwi, na mazao yake hutumika kwa kusudio lililowekwa, kizazi baada ya kizazi. Mifuko ya hifadhi ya siku hizi hufuata njia inayokaribiana na hiyo. Tanzania Bara upo Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2001, ambao mtaji wake huwekezwa na faida ndiyo inayogharamia kazi za hifadhi.

Kinyume chake ni kuchota mtaji kidogo kidogo kila shida inapotokea. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Popote pale utakapowekwa mfuko wa namna hii, sheria yake lazima iseme waziwazi kipi kinaruhusiwa kutumika na kipi hakiguswi, na hesabu zake zikaguliwe na kutangazwa.

8. Wajibu wetu

Mpangaji wa bajeti na aweke gharama za ulinzi katika matumizi ya kazi za kawaida, asiziache zitegemee mradi peke yake. Mkuu wa mradi na aandike tangu siku ya mwanzo nani atakayeibeba kazi siku mradi utakapofungwa. Sheha na kamati yake na wadai taarifa ya mapato na waisome mbele ya wananchi. Mwananchi naye, anapopokea sehemu ya faida, na aelewe kwamba ameikubali na sehemu ya ulinzi. Haifai kupokea fedha za msitu mchana na kuuza kuni zake usiku.

Maswali ya kujadiliwa ofisini, skuli na shehiani

(a) Katika ofisi au shehia yako, ni kazi gani ya mazingira iliyosimama baada ya mradi kumalizika? Ingehitaji nini ili iendelee?

(b) Ni nani anayebeba hasara kubwa zaidi kwa ajili ya hifadhi katika eneo lako? Je, anafikiwa na faida yoyote?

(c) Taja fungu moja lililopo sasa, lisilokuwa la mazingira, ambalo kwa mpango mzuri linaweza kulinda kiumbe au msitu, kama matuta yalivyowalinda kima wa Jozani.

(d) Mikoko iliyopandwa karibu nanyi miaka mitatu iliyopita, ni mingapi iliyosimama leo? Nendeni mkaihesabu.